Kabla Barua ya Kuacha Kazi Haijaandikwa: Namna ya Kupima Urubani na Maisha ya Nyumbani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye ajira, mwenza na watoto, ambaye anafikiria kwa dhati kuacha kazi yake ili akasomee urubani wa ndege za abiria. Na umeandikwa pia kwa ajili ya mwenza wake, ambaye mara nyingi huletewa habari hiyo ikiwa imekwisha kuiva. Mimi ni muuguzi hapa Tabora. Mume wangu alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, akaweka chaki chini akiwa na umri wa miaka 31, na sasa ni rubani msaidizi wa ndege za injini za panga, zile ambazo watu hupenda kuziita pangaboi. Mambo mengi tuliyapima sawasawa kabla hajaondoka. Moja tulilikosea na bado tunalilipia kila mwezi. Nitalieleza mahali pake.

Jambo la kwanza ni kuamua mtapima kwa kipimo gani. Karibu kila anayeingia katika mazungumzo haya huanza na mshahara, kwa sababu mshahara ni tarakimu na tarakimu hutuliza moyo. Mimi nashauri muanze na usiku: katika mwezi mmoja, ni usiku mara ngapi mtu huyu atalala nje ya nyumba yake, na ni asubuhi ngapi ataondoka watoto wakiwa bado wamelala. Mshahara unaweza kupanda kadiri saa za kuruka zinavyoongezeka, lakini usiku uliopita mtoto akiwa na miaka minne haurudishwi na nyongeza yoyote.

Sisi wa Tabora tuna bahati moja katika jambo hili, kwamba nyumba za kuuliza zipo jirani. Reli ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo kuna familia katika mji huu ambazo zimekuwa zikiishi kwa ratiba ya zamu, baba akiwa njiani kuelekea Mwanza au Kigoma na mama akiendesha nyumba. Kabla ya reli walikuwapo wapagazi wa Kinyamwezi, waliotoka Unyanyembe kwa miguu hadi Bagamoyo na kurudi baada ya miezi. Kwa hiyo, kabla ya kumtafuta rubani wa kumhoji, mtafute mjane au mke wa dereva wa treni. Mama mkwe wangu ni mmoja wao. Alikuwa akimfungia mumewe sanduku la bati lenye mihogo ya kuchemsha, karanga na chupa ya chai, na siku tulipompelekea habari ya urubani aliniita jikoni akaniambia, "Mwanangu, mtu wa reli haulizwi anarudi lini. Anaulizwa ameondoka na treni gani." Nilidhani ananifariji. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akinifundisha kazi: nyumba inayokaa ikisubiri saa ya kurudi kwa mtu mmoja hukwama kila treni inapochelewa, ilhali nyumba inayojua tu kwamba ameondoka hupanga siku yake na kuendelea.

Daktari kwanza, shule baadaye

Mtu asiuze kiwanja wala asiandike barua yoyote kabla hajapimwa afya kwa ajili ya cheti cha daraja la kwanza, ambacho ndicho kinachohitajika kwa rubani wa biashara. Kipimo hiki hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, wala si daktari yeyote wa hospitali ya karibu. Huangaliwa macho, uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo pamoja na mchoro wa umeme wake, shinikizo la damu, mkojo na historia ya magonjwa, yakiwamo kifafa na maradhi ya akili. Kuvaa miwani peke yake hakumzuii mtu, ikiwa miwani hiyo inayafikisha macho yake katika kiwango kinachotakiwa. Kasoro ya rangi ndiyo inayowashtua wengi, kwa kuwa mtu anaweza kufika miaka 30 bila kujua kwamba anayo.

Cheti hiki si cha mara moja. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hurudiwa kila miezi 12, na kwa aliyevuka miaka 40 anayebeba abiria akiwa rubani pekee ndani ya ndege, hurudiwa kila miezi sita. Maana yake kwa nyumba ni kwamba kipato chenu chote kitakuwa kikipita mbele ya daktari kila mwaka. Mwalimu mwenye shinikizo la damu huendelea kufundisha. Rubani husimama kwanza.

Hapa naongeza neno la kiuguzi ambalo sikuliona katika karatasi yoyote tuliyopewa. Kabati la dawa la nyumbani litabadilika. Piriton, ambayo huku kwetu hupewa mtu mwenye mafua kama peremende, huleta usingizi, na rubani aliyeimeza haruhusiwi kwenda kuruka hadi iishe mwilini. Hata mafua yenyewe, yakiziba masikio, yanatosha kumweka mtu chini, kwa sababu mabadiliko ya shinikizo la hewa ndege inapopanda na kushuka yanaweza kuumiza ngoma ya sikio. Mume wangu ana boksi lake dogo la dawa alizoruhusiwa, na watoto wanajua kwamba kila kidonge kingine cha nyumba hii si cha baba.

Hesabu ya saa na ya umri

Baada ya daktari, ijueni ngazi yenyewe. Kwa viwango hivyo vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi inahitaji saa zisizopungua 40 za kuruka, ambazo hupungua hadi 35 katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Leseni ya rubani wa biashara inahitaji saa 200, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Na leseni ya juu, ambayo humwezesha mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inahitaji saa 1,500. Katikati yake kuna mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo pasipo kuona nje, mafunzo ya ndege zenye injini zaidi ya moja, na mtihani wa Kiingereza cha redio, ambao aliyefaulu kwa daraja la nne huurudia kila baada ya miaka mitatu.

Pengo kati ya saa 200 na 1,500 ndilo linaloumiza familia, wala matangazo ya vyuo hayalitaji. Mtu anamaliza chuo akiwa na leseni halali mfukoni, na hakuna anayempigia simu. Hapa nchini wengi huzitafuta saa hizo katika ndege ndogo, hasa Cessna Caravan zinazopeleka watalii na mizigo, na kampuni za namna hiyo zina makao Arusha, Zanzibar, Dar es Salaam na Mwanza. Tabora haimo. Kwa hiyo mkipanga, msihesabu miaka ya chuo peke yake. Hesabuni miaka ya chuo, kisha miezi ya kutafuta, kisha miaka ya kukusanya saa katika mji ambao hamkuuchagua.

Umri haupaswi kumtisha mtu wa miaka 31 au hata 36, kwani marubani wa safari za kibiashara za kimataifa huruhusiwa kuendelea hadi miaka 65, ndege ikiwa na rubani zaidi ya mmoja. Swali la umri ni la watoto. Andikeni miaka ya kila mtoto pembeni mwa miaka ya ngazi, mstari kwa mstari. Sisi tuliona kwamba mtoto wetu wa kwanza angeanza darasa la kwanza baba akiwa chuoni, na angefanya mtihani wa darasa la saba baba akiwa bado anasaka saa za ukapteni. Kuiona tu karatasi ile kulibadilisha mazungumzo yetu kuliko maneno yote yaliyotangulia.

Fedha, kwa kifupi

Ada ya mafunzo hadi leseni ya biashara hufika makumi ya maelfu ya dola za Marekani, na sisi mishahara yetu ni ya shilingi. Thamani ya shilingi ikishuka mwanafunzi akiwa katikati, ada imepanda bila chuo kubadilisha chochote. Bei inayotangazwa mara nyingi ni ya saa za chini kabisa, na watu wachache humaliza kwa saa hizo. Wekeni akiba ya ziada, na msikubali kulipa ada yote siku ya kwanza hata kama kuna punguzo. Lipeni kwa hatua, kadiri saa zinavyorukwa, kwa sababu vyuo vya urubani vimewahi kufunga milango katika nchi mbalimbali na fedha za wanafunzi zikapotelea humo.

Fedha ya nyumba ikae mbali na fedha ya shule, katika akaunti nyingine, na iwe ya kutosha unga, mkaa, kodi na ada kwa mwaka mzima bila mshahara wa mtu huyo. Mtumishi wa umma aulize kwa maandishi kama anaweza kupewa likizo bila malipo badala ya kuacha kazi, kwa maana kurudi ni rahisi kwa aliyeaga kuliko kwa aliyefunga mlango. Aulize pia juu ya mfuko wake wa hifadhi ya jamii: pensheni ya kila mwezi huhitaji michango ya miezi 180, na mume wangu alikuwa na miezi 84 tu. Na bima ya afya ya watoto, kama imesimama juu ya ajira yake, ihamishiwe kwa mwenza kabla ya barua, si baada yake.

Kuna pia mkataba wa utumishi. Kampuni inapomlipia rubani mafunzo ya aina fulani ya ndege, kwa kawaida humfunga kuitumikia kwa miaka kadhaa, na akiondoka mapema anadaiwa gharama. Mwenza ausome mkataba huo neno kwa neno, maana miaka hiyo inamfunga na yeye.

Rosta ukutani

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo, kama msomaji atachukua moja tu katika mwongozo huu, ningependa achukue hili. Pateni rosta halisi ya rubani anayefanya kazi ya aina mnayoitaka. Msipate ya mwezi mmoja, kwa sababu mwezi mmoja hudanganya. Pateni ya miezi mitatu iliyopita, na iwe ni ile iliyofanyika kweli baada ya mabadiliko yote, si ile iliyotoka mwanzoni.

Sisi tuliomba kwa mtu tuliyefahamiana naye, kisha tukaichukua kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, tukaijaza kwa penseli. Kila siku ya kulala nje tuliandika L, siku ya kusubiri kuitwa tukaandika S, siku ya mapumziko N kwa maana ya nyumbani. Baada ya hapo nilichukua rosta yangu ya wodini nikajaza zamu zangu za usiku kwa kalamu nyekundu. Kisha tukaongeza mambo ya nyumba: kliniki ya mtoto mdogo, mitihani ya mkubwa, mvua za kwanza na shamba la mama mkwe, Idi, harusi ya shemeji. Tulipomaliza, mume wangu alihesabu kimya kimya kwa kidole. Katika mwezi wa pili kulikuwa na siku tano ambazo L yake na wino wangu mwekundu vilikuwa katika kisanduku kimoja. Siku tano nyumba ingelala bila mzazi.

Hatukuwa tumeligundua hilo katika miezi minane ya kuzungumza. Lilipoonekana, swali liliacha kuwa kama tunapendana vya kutosha na likawa nani atalala na watoto tarehe 9, 10, 17, 22 na 28. Msichana wa kazi wa miaka 18 hakutosha kuwa jibu la usiku, na mimi sikukubali ajifanye jibu. Mama mkwe alihamia kwetu. Kama yeye asingekuwapo au asingekubali, nadhani tungesimama hapo.

Mnapoisoma rosta, msidanganywe na saa za kuruka. Kanuni za Ulaya huweka kikomo cha saa 100 za kuruka ndani ya siku 28 na saa 900 ndani ya mwaka wa kalenda. Za Marekani huweka 1,000 kwa siku 365. Mwalimu akiziona atasema hizo ni chache kuliko vipindi vyake pamoja na usahihishaji. Lakini saa ya kuruka huhesabiwa ndege ikiwa katika mwendo tu. Kanuni hizohizo za Ulaya huruhusu saa 60 za kuwa kazini kwa siku saba na 190 kwa siku 28, na hizo ndizo zinazofanana na maisha. Rubani wa safari fupi anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi ameamka saa tisa usiku. Anaruka kwenda na kurudi mara mbili, anakaa uwanjani kati ya safari, na akifika nyumbani mchana hawezi kucheza na mtoto kwa sababu macho yamefunga.

Siku za kusubiri kuitwa nazo zisihesabiwe kuwa za nyumbani. Mtu yupo sebuleni lakini begi lipo mlangoni, simu ipo mkononi, na hawezi kwenda Urambo kumwona mjomba.

Aina ya kazi hubadilisha kila kitu. Rubani wa safari fupi za ndani hulala kwake mara nyingi zaidi, ila alfajiri zake hazina mpangilio. Wa safari ndefu za nje ya bara hupotea siku kadhaa mfululizo, kisha huwa nyumbani siku kadhaa akiwa na saa za mwili zilizovurugika. Wa mizigo huruka usiku watu wakiwa wamelala. Wa ndege ndogo za watalii anaweza kuwa mbali msimu mzima. Kwa maoni yangu, nyumba yenye watoto wadogo huvumilia alfajiri kuliko wiki nzima ya kutokuwapo, na nyumba yenye vijana wa sekondari huvumilia kinyume chake. Lakini haya ni maoni ya mama mmoja.

Baada ya kalenda, yaigizeni kweli. Mwezi wa Novemba mume wangu alifuata rosta ile ya penseli akiwa bado mwalimu: kila siku yenye L alikwenda kulala kwa kaka yake Isevya, ruhusa ikiwa simu tu. Majirani walidhani tumegombana. Usiku mmoja wa L mtoto mdogo alipata homa kali. Nilimpima, nikampa dawa, nikamkanda kwa maji, nikampigia baba yake, naye alikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na hakuja, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba Isevya ni Mwanza. Alfajiri alisimama mlangoni akiwa na shati la jana. Hakuwa amelala hata kidogo.

Tulijifunza mawili kwa usiku ule. La kwanza, kwamba mimi naweza. La pili lilikuwa zito zaidi: rubani asiyelala anawajibika kusema kwamba hafai kuruka, kwa hiyo simu yangu ya saa nane usiku ilikuwa imegusa usalama wa abiria wa asubuhi. Tukaweka kanuni ambayo tunaitumia hadi leo. Jambo linalohitaji uamuzi wake namwambia saa yoyote, hata kama atalazimika kujitoa kwenye safari. Jambo linalohitaji uamuzi wangu peke yangu namwambia akishatua.

Mahali pa kuishi, ambapo sisi tulikosea

Ndege za abiria zinazotua Tabora na Kigoma hutoka Dar es Salaam na kurudi huko. Huku ni mahali pa kushusha na kupakia, na marubani hawana kituo hapa. Kwa hiyo mtu wa Tabora anayepata kazi ya urubani huchagua kati ya kuhamisha nyumba au kuwa msafiri katika mapumziko yake mwenyewe. Sisi tulichagua la pili. Nilikuwa na ajira ya serikali ambayo uhamisho wake una foleni, watoto walikuwa wamezoea shule, na mama mkwe alisema wazi kwamba hataki kufia mjini. Mume wangu akapanga chumba Kipawa na mwenzake, tukajiambia kwamba rubani atakosaje usafiri wa ndege.

Hukosa. Nafasi ya mfanyakazi ndani ya ndege hupatikana kiti kikibaki wazi, na ndege za kuja huku zinapojaa, anabaki uwanjani na begi lake au anapanda basi la kutwa nzima. Tulihesabu mapumziko yake kuwa siku tisa kwa mwezi. Tulipokuja kuhesabu kutoka mlango hadi mlango, zilikuwa sita, na moja kati ya hizo sita alikuwa akiilala. Basi hesabuni hivyo tangu mwanzo: siku ya mapumziko huanza anapovua viatu sebuleni na huisha anapofunga begi.

Kosa hili lina upande mbaya kuliko upweke. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya abiria aina ya Dash 8 Q400 ilianguka karibu na Buffalo, katika jimbo la New York nchini Marekani, ikaua watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Wachunguzi walieleza chanzo kuwa ni hatua isiyo sahihi ya kapteni baada ya ndege kuonya kwamba inapoteza mwendo wa kuibeba hewani. Lakini walieleza pia kwamba kapteni aliishi Florida na rubani msaidizi alitoka upande wa Seattle, akisafiri usiku kucha kuvuka nchi ili aripoti kazini Newark, na kwamba yaelekea uchovu uliwapunguzia uwezo wote wawili. Ajali hiyo ndiyo iliyozaa sheria iliyoanza kutumika Marekani mwaka 2013, inayomtaka hata rubani msaidizi wa ndege za abiria, kwa kawaida, awe na saa 1,500.

Niliisoma habari ile mume wangu akiwa tayari anasafiri kwa mtindo huohuo, katika aina hiyohiyo ya ndege. Siku hiyohiyo tulikubaliana kwamba awe amefika Dar es Salaam kabla ya giza la siku inayotangulia kazi, hata kama maana yake ni kukosa Idi. Kama ningeanza upya, ningeomba uhamisho wangu kwanza, ningesubiri ujibiwe, ndipo yeye angeomba chuo. Anayefikiria kubaki Tabora au Kigoma huku mwenza akirukia Dar es Salaam asikatazwe, ila asikubali kuitwa ni mpango wa muda kama hakuna tarehe iliyoandikwa.

Ndugu, misiba na hofu

Waambieni wazee mapema kwamba mtu huyu atakosa misiba. Harusi hupangwa na watu husamehe. Msiba hauna rosta, na kwetu kutoonekana msibani huwekwa akilini kwa miaka. Sisi tuliwaita mashemeji na wajomba, tukawaeleza kwamba baba akiwa angani nitakwenda mimi na mchango, na kwamba kukaa kwangu matanga kuhesabiwe kuwa kwa wote wawili. Wengine waliguna. Lakini walikuwa wameambiwa, na aliyeambiwa hulaumu kwa sauti ya chini. Aliye Mwislamu aulize pia, kabla ya kusaini, utaratibu wa kampuni kuhusu kufunga Ramadhani siku za kuruka.

Hofu ipo. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa ikienda Bukoba iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja na watu 19 wakafa, wakiwamo marubani wote wawili. Mume wangu siku hiyo alikuwa amelala chumbani, na bado simu yangu iliita hadi ikaisha chaji. Tangu hapo tuna mpango: mtu mmoja tu, kaka yake, ndiye anayepigiwa na ndugu wote, na mimi simu yangu hubaki wazi kwa namba mbili.

Kama mizani imeelemea nyumbani

Kalenda ikikataa, anga haijafungwa. Mwongozaji wa ndege aliye mnarani hufanya zamu, ikiwamo ya usiku katika viwanja vikubwa, lakini akimaliza zamu anakwenda kwake; mafunzo hayo hutolewa na Chuo cha Usafiri wa Anga Tanzania, kilicho chini ya mamlaka husika, jijini Dar es Salaam. Wapo mafundi wa ndege na wapangaji wa safari, ambao kazi yao haiwalazi nje kila wiki. Aliyekwisha kupata leseni ya biashara anaweza pia kuongeza sifa za ukufunzi na kufundisha wengine, akikusanya saa zake huku akirudi nyumbani jioni. Mwalimu wa fizikia alipaswa kuliona hilo mapema, wetu hakuliona.

Mkiisha kupima yote, kaeni siku isiyo na mgeni muandike karatasi moja. Iandikwe na wote wawili, na iwe na tarehe: fedha ya shule ikifika kiasi gani tunasimama, miezi mingapi bila kazi baada ya leseni ndipo anarudi kuomba ajira ya zamani, siku ngapi za L kwa mwezi ndizo kikomo, nani atalala na watoto, nyumba itahamia wapi na lini. Msiandike maneno kama "tutaona" au "Mungu akipenda" mahali pa tarehe. Dua iwekwe juu ya karatasi, na tarehe ziwe chini. Kisha muirudie kila baada ya miezi sita, wakati uleule rubani anapokwenda kujaribiwa kwenye simuleta, chumba kile kinachoigiza ndege, kwa kuwa kama kampuni inampima mara mbili kwa mwaka, nyumba nayo ina haki hiyo.

Karatasi yetu ipo kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mstari wa fedha ulikatwa na kuandikwa upya mara mbili. Mstari wa siku za L haujaguswa. Mstari wa kuhama una tarehe tatu, mbili zimechorwa msalaba, na ya tatu ni Juni mwaka ujao.